KUTOKA UNGUJA HADI MWANZA NA NATTA: UMBALI WA NDEGE NA MUDA WA SAFARI

Maelezo kwa watumishi na wananchi

Miongoni mwa watumishi na wakaazi wa Unguja na Pemba wamo wenye asili ya mikoa ya Ziwa, na wamo pia Wazanzibari waliooa, walioolewa au waliopangiwa kazi katika mikoa hiyo. Watu hao huulizwa mara kwa mara swali moja: kutoka hapa hadi huko ni mwendo wa saa ngapi? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba siku hizi kuna ndege, na ndege ni saa moja na nusu tu.

Jibu hilo si la uongo, lakini halijakamilika, na kutokamilika kwake kumewatia watu wengi hasarani. Afisa huomba ruhusa ya siku tatu kwa shughuli inayohitaji siku sita. Jamaa waliofiwa hukaa na maiti wakimngojea mtu waliyeambiwa kuwa atafika jioni, naye jioni hiyo bado yuko njiani. Kwa hiyo imeonekana inafaa kueleza kwa utaratibu jinsi umbali wa ndege unavyopimwa, jinsi muda unavyohesabiwa, na tofauti iliyopo baina ya muda wa kuruka na muda wa safari. Mfano uliochaguliwa ni safari ya kutoka mjini Unguja hadi Mwanza, na kutoka Mwanza hadi Natta, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara.

Umbali wa ndege hupimwaje

Ndege haifuati kona za barabara. Umbali wake hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Kipimo kinachotumiwa na marubani, kama kilivyotumiwa na manahodha tangu zamani, ni maili ya baharini, ambayo ni sawa na mita 1,852. Maili hii ni kubwa kuliko maili ya barabarani, nayo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Duara la dunia limegawanywa katika digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Mwendo wa dakika moja ya duara hilo juu ya uso wa dunia ndio maili moja ya baharini. Hivyo digrii moja ni maili 60 za baharini, yaani takriban kilomita 111.

Kwa kujua hayo, hata mwanafunzi wa skuli ya sekondari anaweza kupata umbali wa Unguja na Mwanza kwa penseli na karatasi. Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume kipo katika digrii 6 na dakika 13 kusini mwa Ikweta, na digrii 39 na dakika 13 mashariki. Kiwanja cha Mwanza kipo katika digrii 2 na dakika 27 kusini, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. Tofauti ya kusini na kaskazini ni digrii 3 na dakika 46, sawa na maili 226. Tofauti ya mashariki na magharibi ni digrii 6 na dakika 17, sawa na maili 377. Hesabu hii ya pili hupunguzwa kidogo kwa sababu mistari ya urefu husogeleana kadiri mtu anavyoondoka kwenye Ikweta, lakini katika nchi hii iliyo karibu na Ikweta upungufu huo ni wa maili moja tu au zaidi kidogo. Pande hizo mbili zikichukuliwa kuwa pande za pembetatu yenye pembe mraba, upande wa tatu huwa kama maili 440 za baharini. Hizo ni takriban kilomita 814.

Mstari huo ukichorwa juu ya ramani, huelekea magharibi na kaskazini, ukavuka pwani ya Bara karibu na Saadani, ukapita jirani na Babati, kisha karibu na Ziwa Eyasi, hadi Mwanza. Ndege yenyewe huweza kupinda kidogo, kwani hufuata njia za anga zilizowekwa na maelekezo ya waongoza ndege.

Kwa anayepitia Dar es Salaam, hesabu ni nyingine. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 73 kwa njia ya anga, na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 852. Jumla ni kilomita 925. Mzunguko huo humwongezea msafiri zaidi ya kilomita 100, lakini kinachomchelewesha hasa ni kushuka na kungojea, si kilomita hizo.

Muda wa kuruka

Umbali ukishajulikana, muda hupatikana kwa kuugawa kwa mwendo wa ndege. Ndege hazilingani. Ndege ya jeti ya aina ya Airbus A220, ambayo ni miongoni mwa ndege za Shirika la Ndege la Tanzania, huenda kwa mwendo wa takriban kilomita 830 kwa saa ikiwa angani. Kilomita 814 kwa mwendo huo ni muda wa saa moja kasoro dakika moja. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-400 huenda takriban kilomita 650 kwa saa, na ingehitaji saa moja na robo. Ndege ya ATR, yenye mwendo wa kilomita 500 hivi, ingehitaji kama saa moja na dakika 38. Ndege ndogo ya injini moja ya aina ya Caravan, ambayo wakaazi wa visiwani wanaizoea, ikichukuliwa kuwa na mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ingetumia zaidi ya saa mbili na nusu.

Hata hivyo, msafiri akitazama ratiba ya Dar es Salaam na Mwanza ataona kuwa jeti imeandikiwa kama saa moja na nusu, wala si saa moja na dakika chache. Wapo wanaodhani kuwa mashirika hujiongezea muda bila ya sababu. Sivyo. Muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho yake, na huishia inapoegeshwa mwisho wa safari. Ndani yake mna mwendo wa ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, kungojea zamu, kupanda hadi kufikia kimo, kushuka, kuzunguka ili kutua kwa kukabili upepo, na mwendo wa ardhini wa pili. Katika kupanda na kushuka ndege haiendi kwa mwendo wake kamili. Ndiyo sababu safari ya kilomita 73 baina ya Unguja na Dar es Salaam, ambayo kwa hesabu tupu ingekuwa ya dakika chache, huchukua dakika 20 au zaidi.

Upepo nao una hukumu yake. Ndege inayosukumwa na upepo kutoka nyuma hufika mapema, na inayokabiliana nao huchelewa. Aidha, mawingu mazito ya mvua, ambayo katika eneo la Ziwa hujikusanya mara nyingi, huweza kumlazimisha rubani kuyazunguka. Kwa sababu hiyo muda wa kwenda na muda wa kurudi huweza kutofautiana katika ratiba moja.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Jambo linalowapotezea watu safari kuliko upepo ni kusoma saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24 zinazoanzia usiku wa manane. Ili kuibadili kuwa saa ya Kiswahili, saa za kuanzia 07 hadi 18 huondolewa sita: 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Saa za kuanzia 19 hadi 23 huondolewa kumi na nane: 20:15 ni saa mbili na robo usiku. Saa za kuanzia 00 hadi 06 huongezwa sita: 05:40 ni saa kumi na moja na dakika 40 alfajiri.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya tarehe. Kwa desturi ya visiwani siku huanza magharibi, jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Kwa tiketi, siku huanza saa sita ya usiku. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa, 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku unaofuata mchana wa Alkhamisi. Mwenye tiketi hiyo anatakiwa awepo kiwanjani Alkhamisi usiku. Akila chakula chake cha usiku nyumbani siku ya Ijumaa kisha akaenda kiwanjani, ataambiwa kuwa ndege yake iliondoka jana. Msomaji akiona saa inayoanza kwa 00, 01, 02 au 03, na ahesabu mara mbili.

Ama kuhusu majira, Tanzania nzima hutumia saa moja, na msafiri wa kwenda Mwanza haigusi saa yake ya mkononi. Lakini jua halifuati sheria hiyo. Jua hutumia dakika nne kuipita digrii moja, na kwa kuwa Mwanza iko zaidi ya digrii sita magharibi ya Unguja, jua huchomoza na kuzama huko kama dakika 25 baadaye. Katika Natta tofauti hiyo ni kama dakika 19 au 20. Kwa hiyo kalenda ya sala iliyochapishwa kwa ajili ya Unguja haifai kutumiwa huko. Mfungaji wa Ramadhani aliyekula daku Unguja na akaruka kuelekea magharibi mchana wake utarefuka kwa dakika hizo, kwani hufuturu kwa kuzama kwa jua la pale alipo, si la alikotoka.

Baada ya ndege kutua

Natta ipo katika Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Wenyeji wake ni Wanatta, majirani wa Waikoma na Waisenye, ambao lugha zao zinakaribiana sana. Upande wa kusini yapo maeneo ya Ikoma na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Ramani ikitazamwa vyema, huonesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa mstari ulionyooka, Natta iko kama kilomita 710 kutoka Unguja. Iko karibu zaidi kuliko Mwanza. Anayekwenda Natta kwa kupitia Mwanza huvushwa na ndege hadi magharibi ya aendako, halafu hulazimika kurudi mashariki kwa barabara. Kwa mstari ulionyooka marejeo hayo ni kama kilomita 170, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200. Hatua hii ya mwisho, ambayo haionekani kabisa katika tiketi, huweza kuchukua muda mrefu kuliko kuruka nusu ya upana wa nchi.

Barabara kuu hutoka Mwanza, ikapita Magu na Lamadi, ikafika Bunda, na kuendelea hadi Musoma na Sirari, mpakani mwa Kenya. Msafiri wa Natta huiacha barabara hiyo Bunda na kuelekea mashariki. Njia nyingine ni ile ya Makutano, karibu na Musoma, inayopita Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere na alikozikwa tarehe 23 Oktoba 1999. Kutoka Makutano hadi Sanzate ni kama kilomita 50, kutoka Sanzate hadi Natta kama kilomita 40, na kutoka Natta hadi Mugumu kama kilomita 35.

Vipo viwanja vidogo vya ndege ndani ya Hifadhi na pembezoni mwake, kikiwemo cha Seronera, ambacho kwa njia ya anga kiko kama kilomita 640 kutoka Unguja. Viwanja hivyo hutumiwa zaidi na watalii, nauli zake ni za kitalii, na anayetua ndani ya Hifadhi huwajibika kwa taratibu na ada za Hifadhi. Musoma nako kipo kiwanja, lakini msafiri asikiweke katika mpango wake kabla ya kuuliza iwapo siku hiyo ipo ndege ya ratiba inayokwenda huko.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Sasa inawezekana kulijibu swali la mwanzo kwa ukamilifu. Ichukuliwe kuwa mtumishi anaondoka nyumbani kwake mjini Unguja saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba anapitia Dar es Salaam. Makadirio ya kawaida ni haya:

Nyumbani hadi kiwanjani, nusu saa.
Kukaguliwa na kungojea, saa moja na nusu.
Ndege hadi Dar es Salaam, nusu saa kwa ratiba.
Kungojea ndege ya pili, saa mbili na nusu.
Ndege hadi Mwanza, saa moja na nusu.
Kuchukua mizigo na kufika kituo cha mabasi ya Mara, saa moja.
Basi hadi Bunda, saa tatu.
Kungojea gari Bunda, saa moja.
Bunda hadi Natta, saa mbili.

Jumla ni saa kumi na tatu na nusu. Kati ya hizo, saa mbili tu ni za ndege. Aliyeondoka saa kumi na mbili asubuhi hufika saa moja na nusu usiku, iwapo kila kitu kimekwenda sawa. Ndege moja ikichelewa kwa saa mbili, msafiri hufika Bunda jioni ambapo magari ya kwenda vijijini yamekwisha kuondoka, naye hulazimika kulala hapo. Anayeanza safari Pemba ahesabu pia ndege au boti ya kumfikisha Unguja, na mara nyingi hiyo ni siku nyengine. Anayetumia boti ya mwendo kasi hadi Dar es Salaam ahesabu kama saa mbili za baharini, pamoja na mwendo wa kutoka gatini hadi Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, ambao wakati wa msongamano wa magari hautabiriki.

Hata hivyo haifai kuidharau neema iliyopo. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, msafiri wa kutoka Dar es Salaam alihesabu zaidi ya kilomita 1,200 za treni kupitia Tabora, baada ya kuvuka bahari kwanza, na kwa siku zisizopungua mbili. Ndege imeipunguza safari hiyo. Haikuifuta.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo haya, watumishi na wananchi wanashauriwa yafuatayo.

Kwanza, anayeomba ruhusa na anayeidhinisha ruhusa wote wahesabu muda wa mlango kwa mlango. Kwa Natta, ni busara kuweka siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi. Siku moja inatosha pale tu ambapo hakuna kilichochelewa, na mpango mzuri haujengwi juu ya dhana hiyo.

Pili, anayenunua tiketi mbili za mashirika mawili tofauti aache nafasi kubwa baina yake. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili kwa kawaida halina wajibu wa kumngojea wala wa kumrejeshea nauli.

Tatu, ratiba hubadilika kwa misimu. Safari ya moja kwa moja ya kutoka Unguja hadi Mwanza, inapokuwepo, huokoa saa tatu nzima au karibu yake. Inafaa kuiulizia kwanza kabla ya kukata tiketi ya kupitia Dar es Salaam.

Nne, na hili ni kubwa zaidi, ni kuhusu msiba. Mauti hayana ratiba. Mtumishi anapopigiwa simu alfajiri kwamba mzazi wake amefariki Natta, maneno ya mwanzo atakayoulizwa ni: utafika lini, tukungoje? Huzuni humfanya mtu aseme leo, kwa sababu amesikia kuwa ndege ni saa moja na nusu. Jamaa huweka maziko kwa jibu hilo. Wazee hukaa, majirani waliotoka mbali hungojea, na jua huzama. Jibu la haki ni kusema: nikipata kiti katika ndege ya leo nitafika usiku, na nikikosa nitafika kesho, mkiona haifai kungojea, zikeni, nami nitawakuta matangani. Jibu hilo linaumiza kulitamka, lakini linawapa waliofiwa uwezo wa kuamua.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Mtu aliyeko Natta akipata habari kuwa jamaa yake amefariki Unguja, ajue kuwa visiwani maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Hakuna ndege itakayomfikisha kwenye maziko hayo. Atawahi hitima, na wenyeji wake hawatamlaumu, kwani wanaijua njia. Asithubutu kumkodi dereva amkimbize usiku hadi Mwanza kwa kuhofia lawama. Maiti mmoja anatosha.

Kwa muhtasari, Unguja na Mwanza ni kilomita 814 kwa anga, na jeti huweza kuzikata kwa muda wa saa moja. Unguja na Natta ni kilomita 710 tu kwa anga, nazo ni safari ya kutwa nzima. Anayeulizwa umbali atoe hesabu ya kwanza. Anayeulizwa atafika lini atoe ya pili.